Mwenda wa Bayeke: gita ni kazi ao ni muchezo?

Karata na gita, wazee wengi wa kwetu wanaviweka pamoja: muchezo ya wavivu. Basi tuangalie Mwenda Jean-Bosco, muzaliwa wa Bunkeya, 1930. Mwaka 1952, kule Jadotville, leo Likasi, Hugh Tracey alimukuta na gita mu barabara, akarekodi « Masanga ». Mwaka 1959, Nairobi, kampuni ya Aspro ilimulipa juu ya kuimba dawa yake. Kampuni ikilipa, mie naita ile kazi. Lakini haina mushahara ya kila mwezi, njo maana hata yeye, na jina lote lile, alitumika pia mu ofisi. 1969 alipiga Newport, Marekani. 1990, aksida ya gari ilimuua Zambia.