Muindi Mbingu na neno "kulinda"

Hapa Mukuyuni, enzi hizo ikiwa wilaya ya Machakos, wapo wanaoshikilia kwamba serikali ya mkoloni ililinda udongo ilipowapunguzia Wakamba mifugo kwa nguvu mwaka 1938. Mmomonyoko ulikuwepo, sikatai. Lakini mimi mwanaisimu hudai kitenzi hicho kitajiwe yambwa yake: kililindwa nini? Ng'ombe walinadiwa kwa bei duni, na kiwanda cha Liebig kule Athi River kilihitaji nyama rahisi. Naam, kilicholindwa kilikuwa kiwanda. Muindi Mbingu alilitambua hilo bila shahada yoyote. Akaongoza umati hadi Nairobi kumtaka gavana awasikilize; akakamatwa, akapelekwa uhamishoni Lamu. Mwaka haujaisha, serikali ikaacha kulazimisha mnada. Yeye haikumrudisha wakati huo.