RAMÓN Y CAJAL, MUNGANGA ALIYECHORA UBONGO



Kila mwaka, mbele ya egzameni ya Leta, wengi kati yetu wanachanganya masomo: tarehe ya mufalme mumoja inaingia kwa mwingine. Namna gani ubongo unatenga mambo yenye kufanana? Mutu aliyefungua njia ya kujua ile njo Santiago Ramón y Cajal.

Alizaliwa tarehe 1 mwezi wa tano 1852 huko Petilla, inchi ya Hispania. Alikuwa mutoto mutundu, mwenye kupenda kuchora tu. Baba yake, munganga, hakutaka mambo ya kuchora. Alimutia kwa kinyozi, kiisha kwa fundi wa viatu. Mwisho akamufundisha mifupa ya mutu, na pale kijana akaona kuchora kunamusaidia. Alipata diplome ya unganga 1873, akaenda Cuba na jeshi, malaria ikamurudisha.

Mwaka 1887 alionyeshwa dawa ya Mutaliano Golgi, yenye kupaka selule chache za ubongo rangi nyeusi. Golgi alisema nyuzi zote zimeungana sawa wavu moja. Cajal akatazama kwa mikroskopu, na 1888 akaonyesha kama hapana: kila selule inasimama peke yake, inakaribia tu jirani yake. Ile habari aliitoa katika gazeti alilolipia kwa pesa yake mwenyewe. Mwaka 1906 wote wawili walipewa zawadi ya Nobel pamoja, lakini hata wakati ule Golgi alimupinga.

Cajal alichora pia hipokampu, sehemu ndogo ndani ya ubongo, akaweka mishale kuonyesha njia ya habari. Alikufa Madrid tarehe 17 mwezi wa kumi 1934. Nyuma yake wengine waliendelea. Pa kuingilia hipokampu kuna selule nyingi sana, lakini kila jambo linaamsha chache tu. Kwa hiyo mambo mawili yenye kufanana yanaamsha selule mbalimbali. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani waliona alama za kazi ile kwa watu wenye kutazama picha zilizofanana.

Mababu Baluba walifanya kitu karibu na ile kwa lukasa, kibao cha Bana Mbudye: kila ushanga pahali pake, habari za wafalme zisichanganyike.

Basi wandugu, masomo mawili yakifanana, tusikariri tu. Tuchore tofauti yao kwanza.