Jenny Lind: mama aliyejua bei ya sauti yake

Opera ni teatre ambamo bachezaji mara nyingi habasemi maneno, banaimba, na orkestre inabapigia muziki. Sauti ya juu kabisa ya mwanamuke inaitwa soprano. Katika miaka ya 1840, soprano aliyejulikana sana Ulaya muzima alikuwa Jenny Lind wa Uswidi. Batu balimupa jina la ndege mudogo anayeimba usiku, rossignol. Tunaleta maisha yake hapa juu yeye pia aliishi kwa nguvu ya mwili wake, sawa mutumikaji wa mugodi.

Alizaliwa Stockholm tarehe 6 Oktoba 1820. Baba na mama habakukuwa bameoana, na kwa muda mutoto alilelewa na batu wengine. Alipokuwa na miaka 9, mutumishi wa mucheza-dansi mumoja alipita pa dirisha, akamusikia anaimbia paka wake wa nyumba. Habari ikafika ku teatre ya mufalme. Teatre ikamuchukua: itamulisha, itamuvalisha, itamufundisha, na yeye ataitumikia. Tarehe 7 Machi 1838, akiwa na miaka 17, aliimba Agathe katika Der Freischütz ya Weber. Tangu ile siku mji wote ukamujua.

Lakini kazi ikazidi. Aliimba usiku kwa usiku, na wakati wa pumuziko alizunguka miji mingine kutafuta feza ya kwenda kusoma Paris. Alipofika kule mu 1841, sauti ilikuwa imechoka kabisa. Mwalimu Manuel Garcia alimusikia, akamuambia wazi kama sauti imeharibika. Hakumupa dawa. Alimupa pumuziko: majuma mazima bila kuimba, na kusema pia kidogo tu. Kisha akaanza naye ku mwanzo, namna ya kuvuta pumuzi na namna ya kupanda sauti bila kulazimisha shingo. Jenny alikubali, alivumilia karibu mwaka muzima. Kama angekataa kupumuzika, jina lake lingepotea akiwa na miaka 21.

Mu 1844 aliimba Berlin, mu 1847 London mbele ya malkia Victoria, na batu balipigana ku mulango juu ya kupata nafasi. Lakini mu 1849, akiwa na miaka 28 tu, aliacha opera. Maisha ya teatre yalimuchosha, na moyo wake wa dini ulimuvuta pengine. Kuanzia pale aliimba mu konseri tu.

Njo pale alitokea Barnum, Mumarekani mufanya biashara ya maonyesho. Alikuwa hajamusikia Jenny hata siku moja, lakini alitaka amulete Marekani. Kontra ilitiwa mukono mwanzo wa 1850: konseri 150, dola 1,000 kwa kila moja, na gharama ya safari juu ya Barnum. Jenny hakuitika kwa maneno matamu. Alitaka feza iwekwe kwanza mu banki kule London: mushahara wake, na wa piano Benedict, na wa mwimbaji Belletti baliokuwa banaenda naye. Ilikuwa jumla ya dola 187,500. Barnum alihangaika, alikopa, aliweka mali yake rehani. Feza ilipoingia, njo Jenny alipanda mashua.

Alifika New York tarehe 1 Septemba 1850, na maelfu ya batu balikuwa ku bandari. Tiketi ziliuzwa kwa mnada. Ya kwanza ilinunuliwa na mufanya kofia mumoja kwa dola 225. Jenny alipoona namna feza inaingia, hakunyamaza. Kontra ikafunguliwa tena: dola 1,000 zake zikabaki, na juu yake akapata nusu ya faida kila mara mapato yakipita dola 5,500.

Hesabu tunayo, Barnum mwenyewe alitoa mu kitabu chake. Kwa konseri 95, mapato yote yalipita dola 700,000. Jenny alipata karibu 176,000. Zilizobaki zilienda kwa Barnum, na kweli yeye njo alilipa salle, matangazo na safari. Lakini angalieni: bila ile kontra ya pili, ile sauti ingelipwa kidogo zaidi, na hakuna mutu angemuongezea kwa huruma.

Katikati ya 1851 Jenny alichoka na kelele ya matangazo, sawa vile ni bidhaa ya soko. Kontra ilimuruhusu kutoka kama analipa. Akalipa, akatoka, akaendelea kuimba kwa hesabu yake mwenyewe. Mu 1852, kule Boston, aliolewa na mupiga piano Otto Goldschmidt.

Na feza? Fungu lake la konseri ya kwanza New York, karibu dola 10,000, aligawa lote. Dola 3,000 zilienda ku mufuko wa bazima-moto, ule uliosaidia bajane na yatima wa bale baliokufa kazini. Nyingi zilienda kujenga masomo ya batoto masikini kule Uswidi. Mu 1854 hospitali ya batoto ilifunguliwa Norwich, Uingereza, kwa feza ya konseri zake.

Baadaye aliishi Uingereza na bwana na batoto batatu. Kuanzia 1883 alifundisha kuimba ku Royal College of Music, na alifundisha bengine kile Garcia alimufundisha. Alikufa Malvern tarehe 2 Novemba 1887, miaka 67. Mu 1996 Uswidi ilitia sura yake ku noti ya kronor 50.

Bandugu, mapafu na mugongo havinunuliwi mara ya pili, sawa sauti. Jenny alipumuzika mbele ya kuharibika kabisa. Na siku bataleta kontra ku meza yako, mbele ya kutia mukono uliza kile yeye aliuliza: feza iko wapi leo, hesabu tutaiona namna gani, na mulango wa kutokea uko wapi.