Muziki: Phil Lynott, mtoto mweusi wa Dublin aliyesimama kwenye mpaka wa roki ngumu na hevi metali

Pale mashabiki wa roki wanapokutana, swali moja linarudi kila mara: ni wapi roki ngumu, ile Waingereza wanayoiita hard rock, inaishia, na ni wapi hevi metali inaanzia? Mmoja atataja Led Zeppelin, mwingine Black Sabbath, na usiku utaisha bila jibu. Pengine njia nzuri ya kuyaelewa mabishano haya ni kufuata maisha ya mtu mmoja aliyeishi palepale mpakani. Mtu huyo ni Philip Lynott, mwimbaji na mpiga gitaa la besi wa kundi Thin Lizzy, aliyefariki tarehe 4 mwezi wa kwanza mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka 36.

Alizaliwa tarehe 20 mwezi wa nane mwaka 1949 katika mji wa West Bromwich, karibu na Birmingham, nchini Uingereza. Mama yake, Philomena, alikuwa msichana Mkatoliki kutoka Dublin, mji mkuu wa Ayalandi, aliyevuka bahari kutafuta kazi. Baba yake alikuwa mtu mweusi kutoka Guyana, ambayo wakati huo ilikuwa koloni la Waingereza huko Amerika ya Kusini. Hawakuoana. Kwa msichana asiye na mume, mwenye mtoto mweusi mgongoni, milango mingi ilifungwa katika miaka ile. Philip alipokuwa bado mdogo, mama alimtuma Dublin kwa nyanya yake Sarah, katika kata ya Crumlin, ambako watu weusi walikuwa wachache mno. Akakua huko, akiongea kwa lafudhi ya Dublin kama jirani yake yeyote.

Mji ule wa West Bromwich una lake la kusema katika habari hii. K.K. Downing, mpiga gitaa wa Judas Priest, kundi ambalo wengi wanalihesabu kuwa metali tupu, alizaliwa humo miaka miwili baada ya Lynott. Black Sabbath nao walitoka Birmingham, jirani kabisa. Kama Philip angebaki alikozaliwa, labda leo tungekuwa tunaandika habari nyingine.

Lakini alikuwa Dublin, na huko alianza kama mwimbaji tu. Katika kundi Skid Row, ambamo kijana Gary Moore alikuwa akipiga gitaa, kiongozi Brush Shiels alimwondoa mwaka 1969, kisha, kama mtu anayetaka kulipa deni, akamfundisha kupiga besi. Somo hilo lilimfaa. Mwisho wa mwaka huohuo, Lynott, rafiki yake wa shuleni Brian Downey kwenye ngoma, na mpiga gitaa Eric Bell kutoka Belfast waliunda Thin Lizzy.

Miaka ya kwanza ilikuwa ya njaa. Kilichowatoa gizani ni Whiskey in the Jar, wimbo wa zamani wa Waayalandi ambao waliurekodi kwa gitaa la umeme. Mwaka 1973 ulifika nafasi ya 6 Uingereza. Upande wa pili wa santuri hiyo Lynott aliweka wimbo wake mwenyewe, Black Boys on the Corner. Mbele, Ayalandi ya kale. Nyuma, vijana weusi wa mtaani. Kwangu mimi, santuri ile ndogo inamweleza Lynott kuliko picha zake zote.

Bell aliacha kundi usiku wa kufunga mwaka 1973, katikati ya onyesho. Mwaka 1974 Lynott aliamua kuchukua wapiga gitaa wawili: Brian Robertson, Mskochi wa miaka 18, na Scott Gorham, Mmarekani kutoka California. Uamuzi huo ndio unaowafanya watu waendelee kubishana.

Kabla ya hapo, katika makundi mengi ya roki gitaa moja liliongoza na la pili lilitunza mwendo. Thin Lizzy waliyafanya yote mawili yaongoze: yanapiga sauti ileile moja, ila moja linapanda juu kidogo ya jingine, kama ndugu wawili wanaoimba kanisani. Msomaji aliyekulia katika sebene ya kwetu hatashangaa, maana solo na mi-solo zinaongea namna hiyo tangu zamani. Wao si wa kwanza katika roki. Wishbone Ash, Waingereza, waliwatangulia. Lakini Thin Lizzy waliifanya ipendwe na kila mtu.

Na walioisikiliza kwa makini zaidi walikuwa vijana wa metali. Iron Maiden, waliozaliwa London siku ya Noeli mwaka 1975, waliichukua namna hiyo ya gitaa mbili, wakaiharakisha, wakaifanya alama yao. Hawakuficha: mwaka 1988 walirekodi upya Massacre, wimbo wa Thin Lizzy wa mwaka 1976. Kwa hiyo yule anayetaka kuchora mstari kati ya roki ngumu na metali akisema kwamba gitaa mbili za sauti pacha ni za metali, atakuta mstari wake unapita katikati ya albamu za mtu ambaye wengi wanamwita mwanaroki.

Basi tofauti iko wapi? Sikiliza Jailbreak, albamu ya mwaka 1976 iliyowapa umaarufu wa dunia kwa wimbo The Boys Are Back in Town. Gitaa ni nzito, kelele ipo. Lakini ngoma za Downey zinayumba, zinacheza, kama mtu anayetembea kwa maringo. Lynott haimbi juu ya mashetani au vita ya mwisho wa dunia. Anasimulia vijana wa baa, wahuni, wapenzi walioachana. Chini ya yote kuna bluu, muziki wa watu weusi wa Marekani. Metali, kwa sehemu kubwa, iliiacha bluu hiyo: ikanyoosha mwendo, ikaongeza kasi, ikaziba nyuzi kwa kiganja ili zikate kama panga. Kwa maoni yetu, mpaka uko hapo, ingawa haulindwi na askari yeyote. Na kama ni hivyo, mabishano haya ya mashabiki yanahusu pia jambo ambalo hawalitaji mara nyingi: ni kiasi gani cha mizizi ya watu weusi kimebaki ndani ya muziki ambao wengi wanaudhani ni wa Wazungu. Lynott mwenyewe hakulisahau. Mwaka 1975 alirekodi Half Caste, na mwaka 1980, katika albamu yake binafsi, Ode to a Black Man.

Marekani ilimkataa, au tuseme bahati ilimkataa. Mwaka 1976, wimbo wake ukiwa nafasi ya 12 huko, aliugua ugonjwa wa ini na safari ikakatwa. Mwishoni mwa mwaka huo safari ya pili ilikufa kwa sababu Robertson aliumizwa mkono katika ugomvi wa klabu. Nyumbani mambo yalikuwa tofauti: Live and Dangerous ya mwaka 1978 na Black Rose ya mwaka 1979, ambayo Gary Moore alishiriki, zote zilifika nafasi ya 2 Uingereza.

Wakati huo heroini ilikuwa imekwisha kuingia katika kundi. Lynott alioa mwaka 1980 na alikuwa na mabinti wawili. Kwa mkubwa alitunga wimbo Sarah, jina la yule nyanya wa Crumlin. Lakini dawa hazikumwachia.

Huku nje, Uingereza ilikuwa imejaa makundi mapya ya metali, vijana wengi wao wakiwa wamekua na santuri zake. Mwaka 1982 akamchukua mmoja wao: John Sykes, mpiga gitaa aliyetoka Tygers of Pan Tang. Matokeo yake ni Thunder and Lightning ya mwaka 1983. Wimbo wa kwanza unakimbia kama gari lisilo na breki, na bluu imekwisha karibu yote. Hapa hata mbishi atakubali: hii ni metali. Wapo wanaosema Lynott alikuwa akiwafuata watoto wake mwenyewe ili asiachwe nyuma. Inawezekana. Albamu ilifika nafasi ya 4, na kundi lilicheza onyesho lake la mwisho Nuremberg, Ujerumani, mwezi wa tisa mwaka huohuo.

Mwaka huohuo wa 1983 mpaka ulivukwa pia kwa njia nyingine. Brian Robertson, yule Mskochi, alirekodi na Motörhead, kundi ambalo mashabiki wa metali wanaliheshimu sana, ijapokuwa kiongozi wake Lemmy alishikilia siku zote kwamba anapiga roki tu. Robertson alileta ulaini na sauti tamu za Thin Lizzy. Mashabiki wengi hawakumpokea, na hakudumu. Lynott aliongeza uzito akakubaliwa, Robertson akapeleka utamu akafukuzwa na kelele za ukumbi. Inaonekana mpaka huu ni rahisi kuvuka ukielekea upande mmoja tu.

Mwaka 1985 Lynott na Gary Moore walirudi pamoja na Out in the Fields, wimbo juu ya vita ya Ayalandi ya Kaskazini, uliofika nafasi ya 5. Wengi waliamini amepona. Siku ya Noeli mwaka huo alianguka nyumbani. Mama yake alikuwepo. Alipelekwa hospitali ya Salisbury, ambako damu yake iliyokuwa imeingiwa na vijidudu, mapafu na moyo vilimshinda siku kumi baadaye. Alizikwa Sutton, pembeni ya Dublin, na tangu mwaka 2005 sanamu yake ya shaba inasimama katika barabara ya Harry, katikati ya mji huo, besi likiwa pembeni yake.

Tuzo za Grammy za Marekani nazo zilijaribu kuumaliza ubishi. Mwaka 1989 zilifungua tuzo moja kwa roki ngumu na metali pamoja. Jethro Tull, kundi la filimbi, likaishinda Metallica, na aibu ikawa kubwa. Mwaka uliofuata tuzo ikagawanywa mara mbili, kila upande na yake. Kisha mwaka 2000 Metallica, wafalme wa metali, wakashinda ile ya roki ngumu. Wimbo uliowapa ushindi ulikuwa Whiskey in the Jar, kwa mpangilio uleule wa Thin Lizzy.