Abdulla wa Leso

Wanachama wenzangu wa Chama cha Kiswahili, mkifika nyumbani leo fungueni kasha la nyanya. Humo mna leso, na kando ya pindo pana maandishi madogo: K.H.E. – Mali ya Abdulla. Huyo Abdulla ndiye nitakayewasimulia, kwani hapa Takaungu jina lake twalivaa kila siku na wengi hatumjui.

Jina lake hasa ni Kaderdina Hajee Essak, mfanyabiashara wa Mombasa mwenye asili ya Kihindi. Biashara yake ilianza mwaka wa 1887, na duka likavuma Biashara Street. Zamani hizo leso ilikuwa na pindo na mji tu, haina jina. Mwanzoni mwa karne ya 20 akaanza kuzitia maneno ya Kiswahili, na yeye ndiye atajwaye kuwa wa kwanza. Kwanza yaliandikwa kwa hati za Kiarabu, baadaye za Kirumi.

Hebu fikirini! Mke aliyeudhiwa na jirani hakuwa na haja ya kufungua kinywa tena. Alijitanda leso yake akapita mlangoni pa mwenziwe, basi, ujumbe umefika, na hakuna wa kumshtaki. Wapo wasemao Abdulla alitafuta faida tu. Sawa, lakini muuza duka asiyetaka faida si atafunga? Tena mimi naona sifa si zake pekee. Jina lisilo na utamu, nani angelinunua? Wanawake ndio waliochagua.

Muziki nao haukubaki nyuma. Taarabu ilikuwa ikisema kwa mafumbo vilevile. Siti binti Saad wa Unguja alirekodi nyimbo zake Bombay mwaka wa 1928, zikapendwa pwani nzima. Toka hapo maneno ya nyimbo yakahamia kwenye leso, na ya leso yakaingia nyimboni. Na chakacha je? Msichana asiyejifunga leso kiunoni atachezaje? Mwenzetu mmoja wa kidato cha pili husema ati leso ni nguo ya wazee, lakini kwenye harusi nilimwona na wenziwe, sare moja, wanazungusha viuno kweli kweli!

Abdulla amekufa zamani. Mama zetu wakienda dukani bado huigeuza leso kwanza, wakaitafuta ile K.H.E., ndipo waulize bei.