Bibi Salme wa Mtoni

Sisi tukaao Kongwa tu karibu na njia ya kale ya misafara, iliyotoka Bagamoyo hata Mpwapwa, ikapita Ugogo kwenda Tabora na Ujiji. Pembe za ndovu zilizochukuliwa na wapagazi katika njia hiyo zilifika Unguja, zikamtajirisha Sayyid Said, mwenye jumba la Mtoni. Kwa hiyo habari za jumba lile, na za binti aliyezaliwa humo, si ngeni kwetu kabisa.

Sayyid Said alilijenga baina ya mwaka 1828 na 1834, kando ya bahari, mwendo wa saa moja hivi kaskazini ya mji wa Unguja. Uani walitembea paa, tausi, heroe na mbuni. Mbele yake palikuwa na baraza ya mviringo iliyoelekea bahari, ambapo Sayyid alizoea kutembea huku na huku hali akiwaza. Bibi mkubwa wa nyumba, Azza binti Seif, hakuwa na mtoto. Watoto waliojaa humo walizaliwa na masuria.

Suria mmoja, jina lake Jilfidan, alikuwa Mcherkesi, mtu wa milima ya Kaukasi, ambayo Warusi waliipigania miaka mingi. Wanyang'anyi waliwaua wazazi wake, wakamchukua angali mdogo, akauzwa. Huyo ndiye aliyemzaa Salme, tarehe 30 Agosti 1844.

Salme alifundishwa kusoma Kurani. Kuandika wasichana hawakufundishwa. Basi akajifunza kwa siri, akiiga herufi juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo ndio uliomponza. Baba yake alikufa mwaka 1856, na mwaka 1859 Barghash akamwasi ndugu yake Majid aliyetawala. Salme, msichana wa miaka kumi na mitano, akawa mwandishi wa barua za waasi. Walishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akajitenga mashambani, ameudhi nusu ya jamaa zake.

Baadaye, mjini, akampenda jirani yake, Heinrich Ruete, mfanyi biashara wa Hamburg, akachukua mimba. Maisha yake yakawa hatarini. Mwezi wa Agosti 1866 akatoroka katika manowari ya Kiingereza mpaka Aden, akajifungua mwana huko. Tarehe 30 Mei 1867 akabatizwa kwa jina la Emily, na siku ile ile akaolewa. Sisi tuliozoea kuwafundisha watu muda mrefu kabla ya ubatizo twaona haraka hiyo ni nzito. Lakini hatukuwapo, wala hatumhukumu.

Mtoto yule akafa njiani kwenda Ulaya. Huko Hamburg akazaa wengine watatu, na mwaka 1870 mumewe akaumizwa na tramu, akafa. Mjane huyo hakuwa na jamaa, mali ikapungua. Akafundisha Kiarabu, na mwaka 1886 akatoa kitabu cha maisha yake. Humo alitetea utumwa wa Waarabu, na hapo hatuwezi kumfuata. Mashamba ya mikarafuu ya baba yake yalilimwa na watumwa, wengi wao walioletwa kwa njia ya Kilwa kutoka pande za Nyasa. Binti wa mwanamke aliyenunuliwa angaliweza kuona zaidi.

Mwaka 1885, Wajerumani walipokuwa wakijitwalia Usagara, jirani zetu, Bismarck alimpeleka Unguja pamoja na manowari ili Barghash, aliyekuwa Sultani sasa, atishike. Barghash alikataa kumwona dada yake, yeye aliyemwandikia barua zile. Wajerumani walipopata walichotaka, madai yake ya urithi yakasahauliwa. Alikwenda Mtoni, akaliona jumba limekuwa magofu.

Alirudi tena mwaka 1888, pia bure, kisha akakaa miaka mingi Beirut. Alikufa Jena tarehe 29 Februari 1924, akazikwa Hamburg, kaburini mwa mumewe. Katika vitu vyake ulionekana mfuko mdogo wenye mchanga wa pwani ya Unguja.