Ahmad bin Majid: Mwalimu wa Nyota na Bahari

Mtu asimamaye katika ufuo wa Msambweni usiku usio na mbalamwezi na kutazama upande wa kaskazini, hataiona Nyota ya Kaskazini hata akikesha. Mji huo uko takriban nyuzi 4 na nusu kusini mwa ikweta, na nyota hiyo imejificha chini ya upeo wa macho. Kwa mabaharia waliotoka Arabuni na Bara Hindi kwa upepo wa kaskazi, jambo hilo lilikuwa zito: nyota waliyoitegemea zaidi iliwaaga kabla hawajafika pwani hii. Miongoni mwa waliolishughulikia tatizo hilo kwa safari na kwa kalamu ni Shihab al-Din Ahmad bin Majid, nahodha na mshairi wa karne ya 15.

Ahmad bin Majid alizaliwa katika miaka ya 1430 huko Julfar, karibu na Ras al-Khaimah ya leo katika Falme za Kiarabu. Babu yake na baba yake walikuwa waongoza vyombo waliosifika kwa kuijua Bahari ya Shamu, bahari yenye miamba mingi. Kijana huyo alirithi maarifa ya wazee wake, lakini hakuyachukua kama yalivyo. Aliyapima baharini, akayasahihisha, akayaongezea.

Mwaka 1462 alikamilisha Hawiya, utungo wa beti zaidi ya elfu moja kuhusu misingi ya elimu ya bahari. Aliutunga kwa bahari ya rajaz, ambamo nusu mbili za kila mstari huwa na kina kimoja. Hakufanya hivyo kwa ajili ya pambo tu. Usiku, chombo kikiyumba na taa ikizimika, kitabu hakisomeki. Shairi lililohifadhiwa moyoni halizimiki. Msomi wa Kiswahili ataitambua hekima hiyo mara moja, kwani utenzi nao umebeba historia, dini na maadili ya Waswahili kwa njia iyo hiyo. Takriban mwaka 1490 aliandika kwa nathari kitabu chake mashuhuri zaidi, Kitab al-Fawa'id, chenye faida kumi na mbili. Utungo wake mwingine, Sufaliyya, unaeleza njia za pwani ya Afrika Mashariki hadi Sofala, katika Msumbiji ya leo.

Ala za zama zake zilikuwa sahili. Baharia alikuwa na kibao cha pembe nne kilichofungwa uzi wenye mafundo. Aliung'ata uzi, akakinyoosha kibao mbele ya jicho hata ukingo wa chini ukagusa upeo wa bahari na ukingo wa juu ukagusa nyota. Kimo cha nyota kilihesabiwa kwa vidole, na kidole kimoja kilizidi kidogo nyuzi moja na nusu. Kadiri chombo kilivyoelekea kusini ndivyo Nyota ya Kaskazini ilivyoshuka, kidole baada ya kidole. Ilipokaribia kuzama, baharia alihamia kwenye Farqadani, nyota mbili zilizo jirani nayo, kisha kwenye Naashi, kundi la nyota saba ambalo hata kutoka Msambweni huonekana kaskazini nyakati za jioni, mwezi wa Aprili na Mei.

Elimu hiyo haikuishia vitabuni. Dira ya mabaharia hao iligawanywa sehemu 32, nyingi zikipewa majina ya nyota pale zichomozapo na pale zituapo. Kiswahili kimehifadhi sehemu ya urithi huo. Jaa, yaani kaskazini, ni jina la Nyota ya Kaskazini. Suheli, yaani kusini, ni jina la nyota angavu ing'aayo upande huo jioni za Januari hadi Machi. Na matlai, yaani mashariki, hutokana na neno la Kiarabu la machomozo. Hata neno mwalimu lina uhusiano na mu'allim, cheo cha mwongoza chombo.

Hata hivyo, jina la Ahmad bin Majid limebebeshwa tuhuma nzito. Mnamo Aprili 24, 1498, Vasco da Gama aling'oa nanga Malindi akiwa na rubani aliyepewa na mfalme wa mji huo, akafika Calicut mwezi uliofuata. Miongo mingi baadaye, Qutb al-Din al-Nahrawali, mwanahistoria wa Makka, aliandika kwamba Wareno walionyeshwa njia na Ahmad bin Majid akiwa amelewa. Mwaka 1922 mtaalamu Mfaransa Gabriel Ferrand alilieneza dai hilo, likaingia katika vitabu vya shule. Lakini waandishi wa Kireno wa karne ya 16 walimtaja rubani huyo kuwa mtu wa Gujarati, na leo wataalamu wengi wanalikataa dai hilo. Ni kinaya kikubwa, kwa sababu Ahmad bin Majid mwenyewe aliwalaumu waandishi watatu wa kale wa elimu ya bahari, waliojulikana kama Simba, kwa kukusanya habari bila kuzihakikisha safarini. Kosa alilolikemea ndilo lililomchafulia jina.

Alifariki mwanzoni mwa karne ya 16, au muda mfupi kabla yake. Hakuwahi kuiona darubini. Galileo aliielekeza yake angani mwaka 1609, akaona miezi minne ya Mushtarii mwanzoni mwa mwaka uliofuata. Miezi hiyo yaweza kuonekana leo kutoka Msambweni kwa darubini ndogo. Lakini darubini huonyesha kipande kidogo tu cha anga, na asiyejua Mushtarii iko wapi atazungusha chombo chake gizani hadi achoke. Ndiyo maana anayeinunua darubini yake ya kwanza hana budi kuanza alipoanzia Ahmad bin Majid: kuzijua nyota kwa majina, kujua zichomozapo na zituapo, na kulihakikisha kwa jicho lake kila aliloambiwa.